Nyumba Iliyozeeshwa kwa Majani ya Chai

Fundi Brashi alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuupita ukuta uliobanduka rangi akanyamaza. Hata akiwa njiani kwenda msibani, angesimama tu. Angeugusa ule mbanduko kwa ukucha, angeguna, kisha angemtazama mwenye nyumba kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuja hospitali. Watu wa mtaa walikwishamzoea. Wengine walimwita ndani wakapatana bei, wengine wakimwona anakuja walifunga dirisha. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika kabisa, hata na mkewe, ambaye alimwita Baba Watoto siku za amani na Fundi siku za hasira.

Mtaa wenyewe ulikuwa ule wa zamani, katikati ya mji, wenye vichochoro vyembamba hivi kwamba watu wawili wenye mizigo wakikutana ilibidi wajadiliane nani arudi nyuma. Brashi, mkewe na mama mkwe wake, watoto wakiwa wameshakua na kwenda kujitegemea, walipanga vyumba viwili vya chini na kibaraza katika nyumba ya ghorofa moja. Juu, mwenye nyumba alihifadhi marobota yake ya mitumba. Mkewe alizaliwa katika chumba kile cha nyuma, akakulia humo, na alipoolewa aligoma kuhama, kwa hiyo aliyefungasha nguo zake akahamia ukweni alikuwa bwana harusi. Mama mkwe hakuacha kumkumbusha jambo hilo. "Mahari ulitoa wewe," alikuwa akisema, "lakini aliyeolewa hatujui ni nani."

Brashi alilipa fadhila hiyo kwa namna aliyoiweza. Kila mwaka mvua zilipokwisha aliikwangua nyumba, akaipiga msasa, akaziba nyufa kwa puti na kuipaka upya kutoka juu mpaka chini kwa mabaki ya rangi za wateja. Ndiyo maana mwaka huu ilikuwa kijani cha zahanati, mwaka ujao maziwa ya benki, mwaka mwingine waridi la saluni. Mwenye nyumba hakuwahi kuchangia hata kopo moja, wala Brashi hakuwahi kumwomba. Jioni, mkewe akiwa kibarazani kwenye cherehani, yeye alisimama upande wa pili wa kichochoro mikono nyuma, akaitazama kazi yake na kuridhika. Katika mtaa mzima hapakuwa na nyumba iliyotunzwa kama ile.

Na hicho ndicho kilichoiponza.

Maana wakubwa wa mji waliamka siku moja wakagundua kwamba mtaa wa zamani ni wa zamani. Wenyeji walikuwa wakilijua hilo kila paa lilipovuja, lakini hawakujua kwamba ni sifa. Ikafunguliwa Ofisi ya Uhifadhi, na Ofisi ikamtuma Mtaalamu, bwana mmoja mpole mwenye kofia pana, apite nyumba kwa nyumba akichagua zile zenye sura ya asili. Nyumba iliyochaguliwa ilipigiliwa kibao cha shaba mlangoni, na kuanzia hapo ilikuwa mwiko kuibomoa. Nyumba ya jirani, ambayo kwa miaka Brashi aliitumia kama mfano wa jinsi uvivu unavyoua jengo, ilipata kibao siku ya kwanza. Mtaalamu alipapasa matundu yake, akasifia madoa yake, akapiga picha bomba lake lililooza.

Kisha akafika kwa Brashi, ambaye alikuwa juu ya ngazi akimalizia fremu ya dirisha.

"Na hii je?" akauliza kijana aliyefuatana na Mtaalamu kumshikia daftari.

"Hii imeshaharibika," Mtaalamu akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli. "Ilikuwa nyumba nzuri sana, rika moja na hiyo uliyoiona. Lakini kuna mtu ameipaka rangi mpaka imepoteza sura. Twende."

Brashi aliteremka ngazi polepole. Alikuwa ametukanwa mara nyingi maishani, kwa kuchelewa, kwa kudondosha rangi kwenye zulia la watu, hata kwa bei zake. Kuambiwa ameiharibu nyumba kwa kuitunza lilikuwa tusi jipya, hakujua hata alijibuje.

Wiki haikwisha, mwenye nyumba akaja. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya upole uliowafanya watu wamshuku. Alisema kwa kuwa nyumba yake haikuchaguliwa, ameamua kuibomoa apandishe jengo la maana. "Nyinyi msiwe na wasiwasi," akawaambia. "Hapa hapa chini nawawekea vyumba viwili na kibaraza cha cherehani. Kodi ileile. Mtakaa kwa ndugu muda kidogo, jengo likiisha mnarudi."

Majirani walipohadithiwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Mpangaji kuvunjiwa nyumba halafu akaitwa arudi? Katika mji ule? Brashi naye akacheka, ila cha kwake kilikuwa kicheko cha mtu anayeona vyombo vyake vikitolewa nje.

"Mimi namwamini," mkewe akasema. "Umewahi kumsikia akidanganya?"

"Sijawahi. Ndiyo maana naogopa. Huenda alikuwa anauweka uongo wake akiba."

"Wewe Fundi, mtu akikutendea wema unatafuta chambo kiko wapi."

Mama mkwe, aliyekuwa kitandani chumba cha nyuma na ambaye masikio yake yalifanya kazi pale tu alipozungumziwa mtu, akaita. Walipoingia, aliketi, akauweka mkongojo wake mapajani.

"Mnajisumbua bure," akasema. "Zamani mimi nikienda benki nilisimama foleni mpaka miguu inawaka moto. Siku niliyonunua mkongojo huu walinipisha wote, na meneja akatoka ofisini kunisalimia. Miguu ni ileile, baba. Sasa huu mji umeanza kuheshimu wazee. Na wewe ipe nyumba mkongojo."

"Mama, unataka niichafue nyumba?"

"Nimesema uizeeshe. Kuchafua hata mtoto anaweza. Kuzeesha kunataka fundi."

Bibi yule alijua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Neno "fundi" lilimwingia Brashi barabara, na asubuhi yake akatoa ngazi.

Mwanzo mkono ulimgomea. Alibandua kipande cha rangi, na kabla hajajijua alikuwa ameshaanza kusawazisha kingo zake kwa msasa. Mkewe alimwona kutoka kwenye cherehani, akatikisa kichwa. Lakini siku ya pili akapiga moyo konde. Alikwangua kwa ghadhabu, na tabaka moja moja zikaanza kutoka: maziwa ya benki, kijani cha zahanati, buluu ya shule aliyoipaka mwaka waliopata mtoto wa kwanza. Hapo alisimama kidogo. Halafu akaikwangua na hiyo.

Kisha ukaja wakati wa dawa. Alichemsha majani ya chai kwenye sufuria kubwa mpaka yakawa meusi kama lami, akaupaka ukuta. Akaloweka misumari kwenye siki, maji yake yakachuruzika chini ya madirisha yakaacha michirizi ya kutu. Akapuliza masizi chini ya mapaa. Nyuma ya bomba la maji alipaka maziwa yaliyochacha, na baada ya siku chache za unyevunyevu kikaota kijani ambacho maisha yake yote alikuwa akipigana nacho.

"Wateja wangu wataanza kuvaa nguo zinazonuka kifungua kinywa," mkewe akalalamika.

Fundi mwenzake, mshindani wake wa siku nyingi, alipita na ndoo zake, akasimama, akatazama, akavua kofia. "Pole sana, kaka," akasema kwa upole. "Umeanza kuumwa lini?"

Brashi alijitia hamnazo, akaendelea. Jambo la aibu ni kwamba alianza kuifurahia. Aligundua kwamba doa lina mwendo wake, kwamba ufa usiopindapinda hauaminiki. Ikawa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na hapakuwa na hata sehemu moja aliyopenda kuitazama.

Alipomaliza alikwenda Ofisi ya Uhifadhi, akasema kwamba rangi ile imekuwa ya hovyo, imebanduka yote, labda bwana mkubwa aje aangalie tena. Mtaalamu akaja. Mama mkwe alikuwa ameshatolewa nje kwenye kiti, mkongojo mkononi, akiguna kila alipokumbuka. Mtaalamu aliupapasa ukuta kwa kiganja. Akanusa vidole vyake. Akamtazama Brashi, akamtazama mkewe, akamtazama bibi, ambaye kwa heshima ya wakati ule aliongeza mguno mmoja mrefu.

"Mvua za mwaka huu zimekuwa kali," Mtaalamu akasema.

"Kali mno," Brashi akajibu.

Kibao kikapigiliwa. Siku hiyo mama mkwe alitamba kibarazani kama aliyejifungua mapacha, na Brashi, kwa mara ya kwanza tangu mwenye nyumba aje, alilala usingizi wa mtu aliyelinda familia yake.

Mwenye nyumba hakufoka. Alikisoma kibao, akauliza kama kinaweza kutolewa, akaambiwa hakiwezi. Kisha Ofisi ikamletea masharti: mbao za madirisha ziwe za aina fulani, vigae vifinyangwe kwa mkono, ukuta usiongezwe wala usipunguzwe, na kila ukarabati uombewe ruhusa. Mzee akaona nyumba ile sasa ni mzigo asioweza kuutua wala kuubeba. Ikatokea kampuni ya hoteli iliyokuwa ikitafuta kwa udi na uvumba nyumba zenye vibao. Akaiuza. Wenye hoteli hawakuwa na ugomvi na mtu. Walisema tu, kwa adabu zote, kwamba wapangaji wafunge virago.

Siku ya mwisho mwenye nyumba alikuja kuwaaga. Alisimama mlangoni hataki kuingia.

"Mngeniambia tu kwamba hamniamini," alisema. "Ningeelewa. Mimi vyumba vyenu nilishavipanga. Hata fundi wa umeme nilimwambia taa ya cherehani aiweke upande wa kulia, maana mama hapa anashona kwa mkono wa kushoto, kivuli kingemsumbua."

Mzee akawapa mikono, mmoja mmoja, akaenda zake. Mkewe Brashi aliendelea kufunga vyombo, na kwa muda mrefu baada ya siku ile hakumwita mumewe kwa jina lolote isipokuwa Fundi.

Walihamia pembezoni mwa mji, ghorofa ya tatu, kwenye majengo yanayofanana hivi kwamba wiki ya kwanza Brashi alibisha mlango wa watu. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi na mtu asiyejua kazi. Hakuzigusa. Mama mkwe aliwekewa kiti dirishani, akawa anatazama uwanja wa kuegesha magari. Huko hakukuwa na mpita njia wa kumtania, na akili yake ikaanza kuingia na kutoka. Siku nyingine alimtambua kila mtu. Siku nyingine alimkaribisha Brashi kama mgeni, akamwambia asubiri, wenyewe wanakuja. Wakati mwingine ilikuwa utani, na wakati mwingine haukuwa, na tofauti yake haikuonekana kwa macho.

Hoteli ilipofunguliwa Brashi alikwenda kuchungulia, akasimama nje pamoja na watazamaji wengine. Mtaalamu alikuwa pale, mgeni rasmi, na alipomwona alimfuata.

"Ile chai yako, fundi," akasema kwa sauti ya chini, "ilikuwa bado inanata."

Brashi akapigwa na butwaa. "Ulijua?"

"Hata kabla sijaigusa. Harufu yake niliikuta kona."

"Sasa kwa nini uliipitisha?"

"Niliwaona mmejipanga pale mlangoni, wewe na mama na bibi. Nikasema hawa watu wanataka kubaki kwao. Nikafikiri nawasaidia." Alivua kofia yake pana, akaigeuzageuza. "Kanuni zetu zina kifungu cha milango. Zina cha madirisha, cha vigae, hata cha bawaba. Cha watu hakimo. Sikuwahi kuona kwamba hakimo mpaka nilipoona gari lenu la mizigo."

Hakuwa mtu mbaya, na hiyo ilikuwa sehemu ngumu ya mambo yote. Brashi angetamani sana apate mtu mbaya mmoja wa kumlaumu, lakini kila alipohesabu wahusika alibaki na yeye mwenyewe na sufuria la chai. Ili kutuliza dhamiri yake, Mtaalamu alimtafutia kazi. Mvua ilikuwa imeanza kuosha yale madoa, ukuta unarudi kuwa safi, na meneja wa hoteli, dada mmoja mwenye heshima sana, alikuwa hapati usingizi. "Wageni wanalalamika, mzee," alimwambia Brashi. "Wanasema inaonekana mpya." Hivyo ndivyo fundi rangi mzee, aliyekuwa hana mbele wala nyuma, alivyoajiriwa kuhakikisha nyumba aliyoitunza maisha yake yote haipati nafuu. Kila mwezi alikuja na ngazi, chai na misumari yake.

Chumba walicholala yeye na mkewe sasa kiliitwa Chumba cha Mshonaji. Ndani waliweka cherehani ya kale, wakaifunga kwa nati kwenye sakafu na kuichomoa sindano ili isije ikamdhuru mgeni. Brashi alipomhadithia mkewe, mama wa watu aliacha kushona.

"Wameichomoa sindano?"

"Wameichomoa."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

Kisha meneja akawa na shida mpya. Nyumba zote za kichochoro kile zilikuwa zimeshauzwa, mtaa umehifadhiwa vizuri ajabu, ila hapakuwa na mtu. Wageni walisema panaonekana kama pamefungwa. "Mzee, humjui bibi yeyote anayeweza kuja kukaa kibarazani?" akauliza. "Akae tu. Tutamfuata kwa gari asubuhi, tutamrudisha jioni, na tutamlipa."

Brashi aliipeleka habari hiyo nyumbani kama kichekesho. Mama mkwe, ambaye siku hiyo akili yake ilikuwa nyumbani, hakucheka.

"Nimekaa pale bure maisha yangu yote," akasema. "Leo kuna mpumbavu anataka kunilipa? Nitakwenda."

"Mama, si lazima," bintiye akamwambia.

"Nataka kwenda kukaa kwangu."

Maneno hayo yalimwingia Brashi. Usiku hadi asubuhi aliyageuza kichwani. Aliona hii ndiyo nafasi yake. Nyumba hawezi kuirudisha, lakini mchana wake, kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama, anaweza kumrudishia bibi, akakaa palepale, akaona kichochoro chake. Lilikuwa jambo dogo, lakini lingekuwa halali. Hata mkewe alilainika. Alimshonea mama yake gauni jipya, na asubuhi ya safari alimwambia mumewe, "Baba Watoto, mshike vizuri pale kwenye ngazi." Brashi alisikia jina hilo akajifanya hakusikia, asije akalia mbele ya dereva.

Siku moja kabla alikuwa ameshinda kwenye ule ukuta. Alitaka bibi aikute nyumba katika hali nzuri, na hali nzuri ya nyumba ile, kwa mujibu wa ajira yake, ilikuwa mbaya sana. Aliongeza kutu, akazidisha masizi, akafungua ufa mmoja mpya juu ya mlango. Meneja alimsifu.

Gari liliwashusha mwanzoni mwa kichochoro. Bibi alitembea vizuri, akiulizia majirani mmoja mmoja, na Brashi akimwambia kila mmoja amehamia wapi. Walipofika, meneja alikuwa ameshaweka kiti kibarazani, na wageni watatu walikuwa upande wa pili na kamera zao, pale pale Brashi alipozoea kusimama jioni. Bibi akasimama. Akautazama ukuta juu mpaka chini.

"Mbona tumesimama hapa?" akauliza.

"Tumefika, mama."

"Wapi?"

"Nyumbani."

Bibi alimtazama kwa huruma. "Baba, nimezeeka lakini sijawa kipofu."

"Ndipo hapa, mama. Lile pale dirisha lako."

"Hapana. Sisi tulikuwa watu wa hali ya chini, lakini hatukukaa pachafu hata siku moja. Mkwe wangu ni fundi rangi, bwana. Mtaa mzima unamjua. Yule asingekubali nyumba yangu ifike hapa."

Brashi alimchunguza usoni akitafuta utani. Alitafuta sana, kwa hamu ya mtu aliyepoteza funguo, na hakuuona.

"Mzee, vipi?" meneja akaita kutoka kibarazani. "Bibi atakaa?"

"Alikubali, dada," Brashi akamjibu meneja kwa sauti ndogo.

Lakini bibi alikuwa ameshageuka. Alishika njia ya chini ya kichochoro, akipiga mkongojo, akiangalia nyumba za upande huu na za upande ule, anaitafuta yake, ile iliyopakwa rangi. Brashi akamfuata.